Kikombe cha Arobaini na Moja

Shangazi alishaona maiti za kila namna, zilizovimba na zilizooza, pamoja na moja iliyokaa siku tisa ndani ya pipa, na hakuna hata moja iliyowahi kumkatiza staftahi. Lakini asubuhi hiyo, mbele ya jokofu la maabara ya uzazi, kikombe kidogo cha plastiki chenye kifuniko chekundu kilimfanya aitue chai aliyokaribishwa, aiweke mbali, kisha aisogeze mbali zaidi.

"Hicho ndicho chenyewe?"

"Ndicho, afande. Arobaini na moja. Hayo ndiyo mabaki yake."

Aliyejibu alikuwa mpimaji wa maabara hiyo, mwanamume mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi kisogoni isije ikamtumbukia kazini. Mikono yake ilikuwa na pingu. Alikuwa amelala mahabusu siku mbili, na kesho yake, Ijumaa saa tatu, angesimamishwa mahakamani kwa kosa la kula hongo na kughushi ripoti ya mgonjwa. Hata hakimu akimwachia, mpimaji akishaitwa mghushi, nani atamkabidhi tena kikombe chake?

Shangazi hakuwa shangazi yake. Kwenye faili aliandikwa Inspekta wa upelelezi, ila kituo kizima kilimwita Shangazi kwa sababu aliweza kuwauliza wanaume mambo ambayo mtu huulizwa na shangazi yake tu, tena kwa sauti ileile inayobembeleza huku inafinya.

Kesi ilifika mezani kwake kwa miguu ya mwanamke mmoja mshonaji, tumbo la miezi minne likimtangulia. Alikuwa na karatasi mkononi. Ilikuwa ripoti ya mumewe, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Walikuwa wamekaa miaka minne bila mtoto, wakaenda kupimwa. Mke akaonekana mzima. Mume akaandikiwa kwamba katika kila mbegu zake mia, zinazotembea ni tatu tu, na uwezekano wa kumpa mtu mimba ni mdogo mno. Mwezi uliofuata mke akashika mimba. Alidhani ni muujiza, lakini ndugu wa mume hawaamini muujiza ambao haukuombwa na wao. Dada mkubwa wa mume, ambaye ndiye aliyeifuata ripoti hospitali, aliisoma mbele ya wazee kwa sauti ya kutangaza msiba, na mke akatolewa nyumbani na sanduku moja. Jumamosi ukoo ungekaa kuivunja ndoa rasmi.

Mshonaji alisema neno moja tu, na hakulibadilisha: mtoto ni wa mume wangu, kwa hiyo karatasi ndiyo inayosema uongo. Wifi yake amemnunua mpimaji, vikombe vimebadilishwa. Shangazi akachimba. Simu ya wifi ilikuwa imempigia mpimaji mara tatu wiki ya kipimo. Kwa hizo simu tatu mkuu wa kituo akaamuru pingu.

Hata hivyo kulikuwa na jambo lililomkwama Shangazi kooni kama mwiba wa samaki. Alimwendea mume Jumanne, akamwambia njia rahisi kuliko zote ni kurudia kipimo, kwa maana hapa kwetu mtoto hapimwi damu mpaka azaliwe. Mwanamume anayedhani ameibiwa angekimbia kurudia. Huyu alisema, "Mimi sirudii kitu kile," akageukia kuhesabu misumari.

Ndiyo maana leo alimtoa mpimaji mahabusu, akamleta kwenye maabara yake mwenyewe.

Alimfungua pingu. Mpimaji alinawa, akavaa glavu, akafungua daftari la siku ile. Vikombe saba, kuanzia cha thelathini na nane hadi cha arobaini na nne. Shangazi alipitisha kidole bila kugusa karatasi. Hewa ya chumba kile, ya klorini iliyochanganyika na kitu cha uvuguvugu asichotaka kukitaja, ilikuwa imeshamfanya asiamini kugusa chochote. Vikombe sita vilikuwa na ujazo wa kutosha na majibu ya kuridhisha. Cha arobaini na moja kilikuwa na kiasi kisichofika robo ya kijiko cha chai.

"Kama ulibadilisha," alisema Shangazi, "ulibadilisha na cha nani? Hakuna mwingine aliyeleta kidogo namna hii."

"Ndilo ninalowaambia tangu juzi."

"Ungeweza kuandika tu. Kalamu ni yako."

Mpimaji hakukasirika. Alisema mtu anayeghushi huandika sifuri akaenda kula. Yeye alikuwa ameandika nini? Shangazi akasoma mwandiko wake mdogo ulionyooka: ute umeganda, saa nzima haujayeyuka. Karatasi ya kupimia inaonyesha alkali, yaani magadi, kuliko kawaida. Sukari juu. Zinki karibu hakuna. Na chini kabisa, kwa wino wa bluu, kipimo kirudiwe. Mstari huo ulikuwepo pia kwenye ripoti. Dada mtu alikuwa amefika mstari wa pili tu siku ile ya wazee, akaona umemtosha.

"Nani huyu anayehonga mtu halafu mtu huyo anaandika kirudiwe?" aliuliza mpimaji.

Lilikuwa swali zuri. Shangazi alipenda maswali mazuri hata yanapotoka upande usiotakiwa. Akamwuliza kuhusu chupa ya mafuta ya kupaka aliyoiona juzi alipochungulia chumba cha kutolea sampuli, maana alishasikia kwamba mafuta na sabuni huua mbegu. Mpimaji akakubali kwamba huzidhoofisha, na kwamba ameshaandika barua mbili chupa ile iondolewe. Lakini mafuta hayaondoi zinki wala hayaongezi sukari, na watu sita wengine waliingia chumba kilekile, chupa ileile, wakatoka na majibu mazuri.

"Basi nionyeshe kinachoondoa zinki."

Hapo mpimaji alichangamka, na Shangazi akajuta kuuliza. Alitoa kwenye jokofu mabaki ya arobaini na moja, aliyoyagandisha akingoja kipimo kirudiwe, akayaacha yayeyuke, akachukua sampuli ya mtu mwingine ya asubuhi hiyo, iliyokwisha kupimwa na inayongoja kutupwa, akadondosha kidogo juu ya kioo na kukiweka chini ya darubini. Akampisha Shangazi kiti. Shangazi aliinamia kwa jicho moja, na lile jingine akalifumba kama mtu anayetazama ndani ya choo cha shimo.

Zilikuwa zinakimbia. Vichwa vidogo, mikia inayochapa, kila moja na njia yake, kama watu waliosikia dirisha la malipo linafungwa.

"Sasa hizohizo," alisema mpimaji, "nazitia kwenye maji ya arobaini na moja."

Kioo cha pili. Mikia ilikuwa ikichapa vilevile, ila vichwa havikwenda popote. Vilitikisika palepale, kama gari lililonasa kwenye tope, magurudumu yanazunguka na abiria wamekaa. Nyingine zilikuwa zimeacha hata kutikisika.

Mpimaji akazichukua za kundi lilelile kwa mara ya tatu, akaziosha kwa maji maalumu ya maabara, akarudisha kioo. Zilikimbia kuliko mwanzo.

"Mbegu ni za mtu mmoja, afande. Nilichobadilisha ni maji tu. Yule bwana sikumwona na mbegu mbovu. Nilimwona na maji ya ajabu."

Shangazi aliinuka kutoka kwenye darubini akajipangusa jicho kwa leso, kana kwamba mojawapo ingeweza kumrukia. Akataka aelezwe taratibu, kwa maneno ya watu.

Mpimaji akaeleza. Shahawa si maji ya bomba moja. Yanayotangulia ni ya tezi dume: mepesi, yana zinki, yana pia kimeng'enya cha kuyeyusha ute, na ndiyo yanayobeba mbegu nyingi kuliko yote. Yanayofuata nyuma ni ya vifuko vya shahawa: mazito, yenye sukari, yenye ute unaoganda. Yakikutana kwenye kikombe kimoja, ya mwanzo huyatengeneza ya mwisho. Nusu saa ute unayeyuka na mbegu zinapata njia. Lakini ukipata ya mwisho peke yake, unapata mbegu chache, nazo zimenasa kama nzi kwenye jamu.

"Usiseme jamu," alisema Shangazi. "Nina mkate nyumbani."

"Samahani, afande."

"Na kwa mwanamke? Mbona huko hazikunasa?"

"Mwili hauna kikombe. Ya mwanzo yanafika mwanzo. Siku za rutuba ute wa mwanamke unakuwa mwepesi, unazipokea mbegu, ule uzito unabaki nyuma mlangoni. Ni sisi huku tunaozifungia pamoja na uzito wao."

Shangazi alikuna shingo. Basi kikombe cha arobaini na moja kilikuwa na nusu ya pili. Hakikubadilishwa na cha mtu, wala hakikughushiwa. Kilikosa mwanzo wake. Na mwanzo wa kitu kama hicho haupotei hewani.

Akaomba fomu ya mteja. Mpimaji akaitoa kwenye faili. Swali la tano: je, kuna sehemu yoyote ya sampuli iliyomwagika? Alama ilikuwa imewekwa kwenye Hapana.

"Nani huweka alama hii?"

"Mimi. Wao hujibu, mimi naandika."

"Unawauliza wapi?"

Mpimaji alirekebisha uzi wa miwani. "Pale dirishani wanapokabidhi."

"Foleni ikiwepo?"

"Foleni haikosekani."

"Kwa sauti?"

"Kioo kile ni kinene, afande."

Shangazi alimtazama mtu huyu mwangalifu, anayeweza kupima zinki ya chozi la sisimizi, na ambaye kwa miaka kumi na moja amekuwa akiwauliza wanaume kwa kelele, mbele ya wanaume wenzao na wake za watu, kama wamemwaga. Akamwuliza ni wangapi wameshawahi kujibu ndiyo. Mpimaji alifikiri kwa uaminifu.

"Mmoja. Alikuwa kiziwi, nadhani hakusikia swali."

Chumba cha kutolea sampuli kilikuwa mwisho wa korido, kati ya stoo na ngazi. Shangazi alikifungua kwa kiwiko. Kulikuwa na sofa la ngozi ya bandia ambalo mtu mwema alikuwa amelivika nailoni, na nailoni ile ilikuwa imepata rangi ambayo nailoni haizaliwi nayo. Kulikuwa na sinki, majarida yaliyogandana kurasa, na ile chupa ya mafuta, imebaki nusu, na alama ya vidole imekauka shingoni mwake. Kichefuchefu kikampanda hadi kwenye meno. Alisimama katikati ya sakafu amekunja mikono, akihakikisha hata koti lake haligusi ukuta.

"Usiogope, mwanangu. Nimekipiga deki sasa hivi."

Mama wa usafi alikuwa mlangoni na ndoo yake, mtu mzima mwenye kanga kiunoni na kicheko cha kifua kizima. Alisema wote walianza hivyohivyo, yeye mwenyewe wiki ya kwanza alikuwa akilala mikono yake ikiwa nje ya shuka. Shangazi akamwuliza mlango ule hufungwaje. Mama akamwonyesha: komeo lilikuwa limekatika ulimi zamani, na kile kibao cha "Kuna mtu" kilikuwa kimeng'oka msumari, kwa hiyo kilisema "Kuna mtu" kuanzia Januari hadi Desemba, na hakuna aliyekiamini.

"Kwa hiyo unajuaje kama kuna mtu?"

"Nagonga na ndoo."

"Halafu?"

"Halafu naingia."

Shangazi akavuta pumzi, akajuta kuivuta humo ndani. Akamtajia tarehe, miezi mitano nyuma, na muda, kabla ya saa nne na robo, kikombe kilipokabidhiwa. Hakutegemea jibu. Lakini mama huyu aliwahi kusingiziwa na msimamizi mmoja kwamba hasafishi, na tangu siku hiyo alikuwa akiandika kila anachofuta, saa ngapi na wapi, kwenye karatasi nyuma ya mlango wa stoo, na karatasi zikijaa anazifunga kwa kamba na kuzitunza. Zilikuwepo zote, zimepangwa kuliko mafaili ya kituo cha polisi. Alilowesha kidole, akafunua. Saa nne na dakika tano: sakafu, toka sofa hadi mlangoni. Deki mara mbili.

"Mara mbili," alisema Shangazi.

"Huyo namkumbuka kwa hilo. Niligonga nikaingia, nikaona mgongo tu, na mgongo ukaruka. Suruali ya kaki, mfuko wa nyuma una rangi ya kupakia nyumba. Nikafunga upesi. Akatoka amefunika kikombe kwa kiganja, kichwa chini, kama mwizi wa yai." Alisita, akashusha sauti, kicheko kikamtoka. "Mwanangu, kilichobaki chini kilikuwa kingi kuliko alichotoka nacho."

Shangazi alimwuliza kwa nini hakumwambia mtu. Mama akamshangaa. Amwambie nani? Tangu aajiriwe hajawahi kuulizwa swali na mtu wa pale isipokuwa sabuni imekwisha lini.

Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa na kivuli na harufu ya chuma, na baada ya kule alikotoka, Shangazi aliivuta harufu hiyo kama mtu anayevuta manukato. Mume alikuwa nyuma ya kaunta, mnene kiasi, mwenye uso wa mtu anayetaka kupendwa na kila mteja. Dada yake alikuwa amekaa kwenye ndoo ya rangi iliyopinduliwa, mkoba mapajani. Shangazi akaanza naye. Dada mtu hakukana simu hata moja. Alizisimulia kwa fahari. Alipiga kuuliza majibu yako tayari lini, mara ya kwanza akaambiwa kesho, ya pili akaambiwa kesho, ya tatu akaambiwa mwenyewe aje na kitambulisho. Mwishowe akaenda na barua ya ndugu yake.

"Kwa nini asiende mwenyewe? Ni hatua mia tatu."

"Alikuwa na kazi nyingi," alisema dada mtu.

Mume alikuwa ameanza kupanga misumari.

"Bwana," alisema Shangazi, "swali nililobaki nalo ni la kati yangu na wewe. Dada akae au atoke?"

"Mimi na ndugu yangu hatuna siri," alisema dada mtu, akijiweka sawa juu ya ndoo.

"Dada, toka," alisema mume.

Ilichukua muda. Dada mtu alimtazama, akatazama mlango, akanyanyuka na mkoba wake kama mtu aliyeshushwa kwenye basi kabla ya kituo. Alikwenda kusimama nyuma ya mabati yaliyoegemezwa barazani. Miguu yake ilionekana chini ya mabati, nayo haikuondoka.

Shangazi akatoa fomu tupu ya maabara, akaitandaza juu ya kaunta, akaweka kidole kwenye swali la tano. Mume alisoma. Jasho likamtoka juu ya mdomo, halafu kwenye paji, halafu likaamua kutoka kokote.

"Yule mama na ndoo yake," alisema hatimaye.

"Simulia."

Alisimulia kwa vipande. Alikuwa amekaribia, ndoo ikagonga, mlango ukafunguka, akashtuka, mkono ukaruka na kikombe. Sehemu kubwa ikaenda chini. Akakinga kilichofuata. Alifikiri tone ni tone, kama rangi: ukichota juu ya kopo au chini, ni rangi ileile. Pale dirishani kulikuwa na watu tisa, aliwahesabu, na mmoja alikuwa mteja wake wa saruji. Mpimaji akauliza kwa sauti ya mnada. Angejibu ndiyo vipi?

Hapo Shangazi nusura amwonee huruma. Ni aibu ndogo, hata malaika angeificha. Alikuwa na swali moja lililosalia, na alitamani jibu lake liwe hapana.

"Majibu yalipokuja mabaya, uliikumbuka ile sakafu?"

Mume aliokota msumari mmoja, akauweka kwenye kundi lisilo lake.

"Nilikumbuka."

"Mkeo alipokwambia ana mimba?"

"Nilifurahi, mama. Wallahi usiku ule nilifurahi."

"Siku dada yako anasoma karatasi mbele ya wazee, na mkeo amekaa pale. Ulikumbuka?"

Nje, miguu chini ya mabati ilihama kidogo.

"Nilikumbuka," alisema mume. "Lakini ningeanzaje? Mbele ya wajomba? Nianze kusema nilimwaga?"

"Mkeo alianzaje kutoka na sanduku?"

Shangazi alimtazama mikono ile minene, safi, yenye pete, na kichefuchefu kilichompanda sasa hakikuwa kile cha chumbani. Kile cha chumbani kilikuwa na dawa. Deki mara mbili, basi. Alirudi nyuma hatua moja kutoka kwenye kaunta.

Akamwambia aandike. Mume aliuliza kama karatasi itasomwa. Akaambiwa itasomwa na mkuu wa kituo leo, ili mpimaji alale kwake, na kama hataki kuandika, itamlazimu aulizwe kesho mahakamani, na wakili wa mpimaji ana sauti kubwa kuliko ya dirishani. Aliuliza kama Jumamosi inaweza kuachwa ipite kimyakimya, yeye atamrudisha mkewe polepole, atawaambia watu amemsamehe.

"Umsamehe?"

"Kwa kuanzia tu, mama. Ili watu wasiulize."

Shangazi akasukuma fomu kwa ncha ya ukucha. Mume akaandika, mistari sita, akatia sahihi, kisha kwenye swali la tano akaweka alama yake kwenye Ndiyo. Kalamu ilibaki imelowa jasho. Alipoinyoosha kumrudishia, Shangazi alikuwa ameshaikunja karatasi kwa leso.

"Kalamu kaa nayo."

Barazani dada mtu alikuwa bado amesimama nyuma ya mabati, na uso ule uliozoea kusoma ripoti kwa sauti ulikuwa umekosa cha kusoma. Alisema, bila kumtazama Shangazi, kwamba ndugu yake angemwambia yeye, angemwambia tu.

"Ungesoma mstari wa pili ukafunga karatasi," alisema Shangazi, akaenda zake.

Mpimaji aliachiwa saa tisa na nusu. Aliondoka kituoni na mkanda wake mkononi, na kabla hajavuka geti alirudi kumwambia Shangazi kwamba swali la tano atalihamishia chumba cha ndani, liwe la kuandikwa na mtu mwenyewe. Shangazi akamwambia aanze na komeo.

Mshonaji alikuwa kwa mama yake mdogo, kwenye chumba cha mbele chenye cherehani mbili, akipiga upindo wa pazia la watu. Shangazi alimpa nakala ya maelezo ya mumewe, akakaa kwenye kigoda, akangoja. Cherehani ilinyamaza. Mshonaji alisoma mara moja, kisha akarudi juu akasoma tarehe ya kipimo.

Kwanza aliuliza habari za mpimaji. Alipoambiwa yuko kwake, alifunika uso kwa kiganja. Alisema amemlaza mtu wa watu sakafuni siku mbili bure, na kesho atakwenda kumwomba radhi, hata kama ni kupitia kile kidirisha.

Kisha akarudi kwenye tarehe.

"Ilikuwa Jumanne," alisema. "Alirudi na suruali ya kaki. Alikuwa ameitupa mwenyewe kwenye ndoo ya nguo, na yeye hajawahi kutupa nguo kwenye ndoo tangu anioe. Kulikuwa na doa, toka goti mpaka chini. Nikamwuliza. Akasema ni gundi ya vigae, imemwagika dukani."

Mama mdogo, aliyekuwa akikata nyuzi kando, aliacha mkasi.

"Mimi ni mshonaji, Shangazi. Gundi naijua. Nilitia maji moto, likazidi kukamata. Nikatia limau. Mwisho nikalikwangua kwa kucha, huku naye yuko kitandani ananisikia. Akaniambia, achana nalo, mke wangu, utajiumiza vidole."

Alisema Jumamosi atakwenda. Hakusema atarudi kwa mumewe wala hatarudi. Alisema atakaa mkeka wa mbele, na anataka kusikia kuanzia ndoo hadi gundi, kwa mdomo wa mwenyewe, na wifi akiwepo. Sauti yake haikupanda. Lakini alikuwa ameinua mikono yote miwili mbele ya uso, vidole vimetanuka, akizitazama kucha zake moja baada ya nyingine.

Akanyanyuka, tumbo mbele, akaenda kwenye beseni lililokuwa pembeni ya mlango. Shangazi, ambaye siku hiyo alikuwa amenawa mara saba, aliliwahi jagi la maji. Akammiminia taratibu, na mshonaji akasugua, akasugua tena, na maji yalipokwisha, Shangazi akaenda kuchota mengine.